Kabla ya 5G ya barabarani, tutumie data za mabasi tulizo nazo

Mhariri,

Kila linapofanyika kongamano la usafiri wa mijini hazikosi kutajwa 5G, akili mnemba na magari yanayopashana habari yenyewe kwa yenyewe. Ni mambo mazuri, na mengine yatafika. Lakini wanaoandika zabuni za serikali na za halmashauri wafahamu kwamba mfumo wa usafiri wenye akili hauanzii kwenye mnara. Unaanzia kwenye kifaa chenye ukubwa wa kiberiti kilichofichwa nyuma ya dashibodi ya basi, na kwenye uamuzi wa nani aruhusiwe kusoma kinachotoka humo.

Vifaa hivyo tunavyo. Mabasi ya masafa marefu yalianza kufungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, yaani VTS, tangu enzi za mamlaka ya SUMATRA, kabla mamlaka ya LATRA haijachukua usimamizi wa usafiri wa ardhini mwaka 2019. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti, hukokotoa mahali na mwendo, hutuma taarifa kwenye seva kwa laini ya simu ya kawaida, na humpigia dereva kelele akipitiliza mwendo. Baadaye kikaongezwa kitufe cha utambuzi ili ijulikane ni nani hasa ameshika usukani. Kazi yake kubwa imekuwa kubana mwendo. Ila nukta ileile, yaani taarifa moja ya mahali na mwendo, inayomnasa dereva pale Dumila ina majibu ya watu wengine pia. Abiria aliyeko Gairo anataka kujua asubiri dakika ngapi, na mhandisi wa barabara anataka kujua ni kilometa ipi inayokula muda kila Ijumaa jioni. Data ni zilezile na zimeshalipiwa. Kinachotakiwa ni kuziweka katika umbo ambalo na wengine wanaweza kulisoma.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana humo ndimo mengi huharibikia kabla hata seva haijahusika.

Mabasi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa kufuatana. Fundi mwenye haraka hukiunga kifaa kwenye waya wa swichi, ambao hupata umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Basi likizimwa, kifaa nacho kinakufa. Likiwashwa, kinaanza kutafuta setilaiti upya. Setilaiti ya GPS, mfumo wa kutambua mahali, hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kwa hiyo mwanzo wa safari, hasa basi likiwa chini ya paa la stendi, hauna nukta kabisa au una nukta za kubahatisha. Ufungaji sahihi ni waya mwekundu moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake iliyo karibu na betri, waya mweusi kwenye hasi ya betri badala ya skrubu yoyote ya bodi, na waya wa tatu kwenye swichi ili kifaa kijue tu kama gari limewashwa. Huo wa tatu una faida nyingine: nukta ya gari lililosimama huyumba mita kadhaa huku na huku, na basi lililolala gereji huweza kuonekana limetembea usiku kucha. Kifaa kinachojua kuwa swichi imezimwa hugandisha nukta mpaka asubuhi. Antena nayo iwekwe chini ya plastiki au kioo, kamwe si chini ya bati, na mwenye basi akumbuke kwamba stika za kioo zenye chembechembe za chuma huzuia mawimbi kama bati lenyewe.

Halafu kuna suala la kutuma kila baada ya muda gani. Basi likienda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kifaa kilichopangwa kutuma kila dakika moja huacha pengo la kilometa 1.3, na ndani ya pengo hilo dereva anaweza kulipita lori kwa 110 na kurudi kwenye 78 bila nukta yoyote kuonyesha. Mjini hali ni tofauti: kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, sekunde 30 ni mita 167, kiasi kinachotosha kwa mfuatiliaji wa foleni lakini kinachopotosha kwa anayetaka kujua kama basi limeshapita kituo au la. Mpangilio unaofaa ni huu: tuma kila sekunde 15, au kila mita 100, au gari linapogeuka zaidi ya nyuzi 20, lolote litakalotangulia. Wenye mabasi huhofia bando. Tufanye hesabu. Ujumbe mmoja pamoja na vichwa vyake vya mtandao haufiki baiti 200. Hata ukitumwa kila sekunde 10 kwa saa 18, hizo ni jumbe 6,480, ambazo ni megabaiti 1.3 kwa siku, au 39 kwa mwezi. Kondakta humaliza kiasi hicho kwa video chache za kwenye simu.

Mtandao utakatika, hasa porini. Kifaa kizuri huhifadhi nukta kwenye kumbukumbu yake na kuzituma zote mawimbi yakirudi. Hapo kuna mtego unaorudiwa na waandishi wengi wa programu: seva huipa kila nukta saa iliyofika badala ya saa iliyopimwa. Basi lililopita katikati ya hifadhi ya Mikumi bila mtandao linaonekana limesimama nusu saa, kisha likaruka kilometa 40 kwa sekunde mbili. Kila nukta ibebe saa ya setilaiti, na seva itunze saa zote mbili. Tofauti kati yake ni data muhimu pia, maana inaonyesha wapi barabarani mtandao ni dhaifu.

Saa yenyewe inahitaji uangalifu. Setilaiti hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Basi likiondoka 07:00 kwa saa zetu, kifaa kinasoma 04:00, na karani wa stendi ameandika 1:00 kwenye daftari kwa sababu ni saa moja asubuhi. Hizo ni namba tatu kwa tukio moja, na zikichanganywa kwenye jedwali moja hakuna ripoti itakayosimama. Ndani ya mfumo itumike saa ya dunia peke yake. Kubadilisha kufanyike mwisho kabisa, kwenye kioo anachosoma abiria.

Na kuna alama ya kutoa. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Programu ikiidondosha ile alama, basi la Kimara linaibukia kusini mwa Ethiopia. Ikigeuza mpangilio wa namba hizo mbili, linaonekana Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kifaa ambacho hakijaona setilaiti hutuma sifuri na sifuri, yaani baharini katika Ghuba ya Guinea. Vinachekesha kwenye ramani, lakini vikiachwa humo huharibu wastani wa mwendo wa njia nzima. Dawa ni vichujio viwili mlangoni mwa seva: kataa nukta iliyo nje ya mipaka ya eneo la huduma, na kataa nukta ambayo ukilinganisha na iliyotangulia basi lingelazimika kukimbia zaidi ya kilometa 150 kwa saa. Ongeza cha tatu, cha kukataa tarehe isiyowezekana, kwa ajili ya vifaa vya zamani. Hesabu ya wiki ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa ambavyo programu yake haikuwa imesahihishwa vilijiona vimerudi nyuma karibu miaka 20.

Nukta zikishakuwa safi, zinahitaji kuambatana na maelezo ya njia na vituo. Kwa hilo hakuna haja ya kubuni chochote. Mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, Oregon, TriMet, lilishirikiana na Google kuandaa umbo la data ambalo leo linaitwa GTFS. Ni mafaili ya maandishi matupu yaliyobanwa pamoja: moja la vituo na mahali vilipo, moja la njia, moja la safari, moja la saa za kufika kila kituo, na mengine machache. Mtu yeyote mwenye programu ya majedwali anaweza kuyafungua. Kuna undani unaowasumbua wanaoanza. Safari iliyoanza jana usiku ikamalizika saa saba na nusu usiku huandikwa 25:30:00, wala si 01:30:00, kwa sababu bado ni safari ya jana. Daladala ambayo haina ratiba, inayoondoka ikijaa, haiandikiwi saa za uongo. Kuna faili la frequencies.txt ambamo unasema tu kwamba kati ya saa fulani na saa fulani gari hupita kila baada ya sekunde kadhaa, na unaweka alama kuwa saa hizo si za kushikiliwa.

Wanaodai kwamba usafiri wetu wa mitaani hauwezi kuandikwa hivyo waangalie Nairobi. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na MIT, Chuo Kikuu cha Columbia na kampuni ya Groupshot, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi na kurekodi njia na vituo. Ramani yao ya Digital Matatus ilitoka Januari 2014 ikiwa na njia zaidi ya 130, na mwaka 2015 data hizo ziliingia kwenye Google Maps. Kurekodi ndiyo kazi nyepesi. Ngumu ni kutunza, kwa kuwa kituo huhamishwa kupisha ujenzi, njia hurefushwa hadi mtaa mpya, na ramani inabaki vilevile. Halmashauri itakayochapisha data iajiri au imteue mtu ambaye kila mwezi ana wajibu wa kuzipitia, jina la cheo chake liwe kwenye faili, la sivyo baada ya mwaka mmoja zitakuwa zinapoteza watu njia.

GTFS ina tawi la papo kwa papo, lenye aina tatu kuu za ujumbe: mahali gari lilipo, mabadiliko ya safari, na tangazo la huduma. Hilo la tangazo ndilo rahisi kuliko yote, na kwetu lingefaa haraka kuliko yote. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi hayawezi kuvuka. Tangazo lenye mistari minne (njia gani, vituo gani, kuanzia lini, badala yake upite wapi) likiwekwa kwenye mfumo mara moja, husomwa na programu zote za simu, vioo vya vituoni na mitandao ya kijamii kwa pamoja. Wala abiria asilazimike kuwa na simu janja. USSD, ile menyu ya simu inayofunguliwa kwa namba za nyota na reli, hubeba hadi herufi 182 kwa ukurasa, hufanya kazi kwenye kitochi bila bando, na herufi 182 zinatosha kabisa kusema mabasi mawili yajayo yako wapi.

Msimamizi wa mabasi ananufaika kuliko hata abiria. Msomaji amewahi kujiuliza kwa nini mabasi hukawia, kisha yanakuja mawili au matatu yakiwa yameongozana. Wengi huwalaumu madereva. Tazama hesabu. Mabasi hupita kila dakika 5, abiria 10 hufika kituoni kila dakika, na kila mmoja huchukua sekunde 2 kupanda. Kwa kawaida basi hukuta watu 50 na kusimama sekunde 100. Moja likichelewa dakika 2 tu, linakuta watu 70 na kusimama sekunde 140. Linalofuata, ambalo sasa liko dakika 3 nyuma yake, linakuta watu 30 na kusimama sekunde 60. Yakiondoka kituoni, pengo kati yake limeshashuka hadi sekunde 100. Kituo kinachofuata basi la mbele litahitaji zaidi ya sekunde 150 kupakia, na la nyuma litalikuta bado limefungua milango. Vituo viwili tu vimetosha, na hakuna dereva aliyekosea. Dawa inajulikana: basi la nyuma lishikwe kidogo kwenye kituo cha mapema, au la mbele liruke kituo kimoja. Lakini anayetoa amri hiyo lazima aone mapengo yote kwa wakati mmoja. Akitegemea simu ya upepo na kauli za madereva, atagundua yakiwa yameshaungana.

Sasa taa za kuongozea magari. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea.

Ni jambo la kawaida kumkuta trafiki amesimama makutano akiongoza kwa mkono huku taa zikiwaka bure. Lawama humwendea yeye, na kwa sehemu si haki. Taa nyingi hufuata muda uliopangwa siku zilipofungwa, na ule waya wa kuhisi magari chini ya lami, kitanzi cha mita mbili kwa mbili chenye mizunguko mitatu hivi, huwa umekatika. Hukatwa na mkandarasi anayechimbia bomba, au na lami yenyewe inapopasuka kwa uzito wa malori na maji kuingia kwenye mfereji wa waya. Kompyuta ya taa isiyopata ishara hubaki ikidhani upande huo una magari saa zote, au hauna kabisa. Trafiki anaona kwa macho yake kile ambacho kompyuta haikioni. Shida ni kwamba anaona makutano yake tu. Tuseme upande mmoja magari 900 hufika kwa saa katika mstari mmoja, yaani moja kila sekunde 4. Akiuzuia kwa dakika 3, magari 45 yamejipanga. Kila gari kwenye foleni hukalia karibu mita 7, kwa hiyo foleni ina urefu wa zaidi ya mita 300. Kama makutano ya nyuma yako mita 300, yameshazibwa, na sasa hata wasiokuwa wanaelekea kwake hawawezi kupita. Trafiki wa kule naye anafanya hivyohivyo, na ndani ya dakika ishirini mji umefunga.

Ndiyo maana mizunguko mirefu kupita kiasi haisaidii. Mstari mmoja wenye kijani hupitisha magari takriban 1,800 kwa saa, yaani moja kila sekunde 2, na kila badiliko la rangi hupoteza kama sekunde 4 za kuondoka na kusafisha makutano. Kurefusha kijani hupunguza hasara hiyo, lakini faida huisha mapema. Ukivuka dakika mbili na nusu za mzunguko mzima unachoongeza ni urefu wa foleni tu. Kinachotakiwa ni taa kuunganishwa, kila makutano kuanza kijani chake sekunde kadhaa baada ya jirani yake. Na hapo tunarudi kwenye saa. Saa ya kawaida ya kompyuta ya taa huweza kupotea sekunde 1.7 kwa siku. Baada ya mwezi ni sekunde 51. Kwenye mzunguko wa sekunde 90, msafara uliopangiwa kijani mfululizo sasa unakuta nyekundu kila kona. Kipokezi kidogo cha GPS ndani ya kabati la taa huondoa tatizo hilo, na ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa humo ndani.

Umeme ukikatika je? Makutano yenye taa za LED hula kama wati 300 pamoja na kompyuta yake. Kwa saa nne hiyo ni kilowati-saa 1.2. Betri za volti 24 zenye uwezo wa ampea-saa 100, zikitumiwa nusu tu ili zidumu, zinatosha hasa. Ila kabati lisiwekwe juani bila tundu la hewa: betri za asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na ndani ya kabati la chuma adhuhuri ya Dar es Salaam nyuzi 25 ni ndoto. Kabati lifungwe juu ya nguzo, kwa kuwa betri za chini huibwa.

Kwa mwendokasi, data za basi na taa vinaweza kukutana. Basi lenye urefu wa mita 18 likiwa mita 100 kabla ya taa, kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, litafika baada ya sekunde 9. Seva inayopokea nukta yake inaweza kuiomba kompyuta ya taa irefushe kijani kwa sekunde 9 hizo au ifupishe nyekundu, mradi muda wa watembea kwa miguu usiguswe. Hili halihitaji redio maalumu, kwani mtandao wa 4G wenye ucheleweshaji wa sekunde moja au mbili unatosha. Kitu kimoja tu GPS haiwezi: kutofautisha basi lililo kwenye njia ya mwendokasi na gari la binafsi lililoingia humo. Kosa lake la mita tano ni pana kuliko njia yenyewe, na kwa kazi hiyo kamera haiepukiki.

Tunalisema hili kwa sababu zipo kampuni zinazouza redio za kando ya barabara kwa ahadi ya magari yanayoongea. Waulizwe inahitajika kasi gani. Kuzuia magari mawili yasigongane kunataka ujumbe uwahi ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na magari yote yawe na redio. Kumwambia abiria basi liko wapi, nusu dakika inatosha. Kipaumbele cha taa, sekunde mbili. Karibu kila tunachokihitaji kwa miaka kumi ijayo kiko kwenye hizo mbili za mwisho. Marekani ilitenga megahezi 75 kwenye masafa ya gigahezi 5.9 kwa kazi hiyo mwaka 1999. Mwaka 2020 wasimamizi wa masafa walipunguza hadi 30 na kuhamia teknolojia nyingine, na miji iliyokuwa imefunga redio za aina ya awali ikabaki nazo. Waliokuwa na fedha wametangulia kujikwaa. Hatuna sababu ya kujikwaa pale pale.

Hata mtandao wa simu hauna dhamana ya milele. Januari 2017 huko San Francisco, utabiri wa muda wa mabasi ulivurugika kwa sababu kampuni ya simu ya AT&T ilizima mtandao wake wa 2G, na vifaa ndani ya mabasi mengi vilikuwa vya 2G tu. Vifaa vingi vya kufuatilia magari vinavyouzwa kwa bei ya kutupa bado ni vya 2G. Zabuni idai kifaa chenye 4G kinachoweza kurudi 2G pale 4G isipofika.

Hayo yote yanategemea maneno machache ndani ya mkataba, na hapa tungeomba wanasheria wa halmashauri wasome kwa makini. Mkataba useme data ghafi ni mali ya mamlaka, si ya muuzaji wa kifaa wala wa programu. Useme zitatolewa kwa GTFS, bila ada, kwa yeyote, zikisasishwa angalau kila sekunde 30. Kompyuta za taa zizungumze protokali ya wazi, yaani lugha ya mawasiliano isiyofungwa kwa muuzaji mmoja, kama NTCIP, ili mwaka wa sita makutano mapya yasilazimishwe kununuliwa kwa muuzaji yuleyule kwa bei anayotaka. Kila trafiki anapobonyeza kitufe cha kuongoza kwa mkono, kompyuta iandike saa na muda. Si kwa ajili ya kumshtaki, bali kujua ni makutano yapi yanahitaji mpango mpya. Malipo ya mwezi yafungamane na kipimo kimoja kinachoweza kukaguliwa: asilimia ya safari zilizofanyika ambazo zina nukta kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Muuzaji akiambiwa tu "mfumo ufanye kazi", atasema seva ilikuwa imewaka.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa dereva mwenye kitufe cha utambuzi sawasawa na inavyomgusa abiria anayegusa kadi getini. Data zinazochapishwa zibebe namba ya safari na ya gari tu. Utambulisho wa dereva ubaki kwenye jedwali tofauti, lenye funguo tofauti, linalofunguliwa kwa uchunguzi unaoandikiwa sababu. Safari za kadi zijumlishwe kwa kituo na kwa robo saa kabla hazijatoka kwa mtafiti yeyote, na kituo chenye abiria chini ya kumi ndani ya robo saa kiunganishwe na robo inayofuata, kwa sababu mtu anayepanda peke yake saa kumi alfajiri anatambulika hata bila jina lake. Data ghafi zifutwe baada ya muda uliotajwa kwa miezi ndani ya mkataba, na kufutwa huko kuthibitishwe na mkaguzi badala ya barua ya muuzaji.

Wahandisi wa mawasiliano na mifumo ya usafiri,
Dar es Salaam